Waya Unaojisuka

Mimi hakuna jambo la kunishangaza. Nimeyasema hayo misibani, nimeyasema harusini, na sasa nayaandika kwa mkono wangu ili asiwepo wa kusema sikusema. Nimefungua mota ya pampu nikamkuta nyoka amejikunja ndani kama koili, hai, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia kwake. Nimeletewa mota iliyolala chini ya bahari tangu masika mpaka kaskazi, imeota chaza ubavuni, nikaifufua, na mpaka leo inazungusha mashine ya barafu. Nimemwona tajiri mzima, mwenye malori, akiililia mota ndogo ya kusaga kama anamlilia mzazi. Yote hayo niliyaona, na chai yangu nikaimaliza.

Tena mimi si mtu wa kuletwa na mtu. Wako walioletwa na baba zao, wako walioletwa na vyeti, mimi nimejileta. Baba yangu alivuka kutoka Pemba na magunia ya karafuu na matumaini mengi. Karafuu zikauzwa, matumaini yakaishia Kigombe, na mimi nikaishia darasa la nne. Nikaingia kiwanda cha mkonge kufagia taka za nyuzi. Siku moja wakatupa mota iliyoungua nyuma ya kiwanda, nikaiomba, wakacheka, nikaibeba. Nikaifumua mzunguko mmoja mmoja, nikihesabu kwa kokoto kwa sababu hesabu za darasani zilishanikimbia, halafu nikaisuka upya kama nilivyoikuta. Ikawaka. Hakunifundisha mtu. Leo nina karakana yangu Nguvumali, nyumba ya vigae, jenereta la akiba, na bango mlangoni lililoandikwa BINGWA WA MOTA TANGA. Wahandisi wenye kofia nyeupe hunipigia simu, nami hupokea nikipenda.

Kama hujui kazi yangu, nikueleze kidogo, kwa sababu bila hilo hutaelewa kilichotokea. Kusuka mota ni kuondoa waya wa shaba ulioungua na kuzungushia mwingine mpya, mzunguko juu ya mzunguko, kwa mkono. Lakini kusuka ni nusu ya kazi. Adui wa mota ni unyevu, na sisi hapa Tanga tunakaa ndani ya mdomo wa bahari, hewa yenyewe ukiikamua inatoa maji. Kwa hiyo koili ikishasukwa naiweka ndani ya kabati la taa, nalo ni friji bovu nililolifunga balbu ndani, ipikwe humo mpaka jasho lote litoke. Ikiwa bado ya moto naizamisha kwenye vanishi. Vanishi inaingia kila tundu, inakauka, inakuwa kama ngozi, na hapo tena unyevu hauna pa kupita. Koili ambayo haikupikwa na kuvishwa vanishi haitoki mlangoni kwangu, hata aje kuifuata mkuu wa mkoa. Hiyo ndiyo sheria yangu, na ndiyo iliyonijengea nyumba.

Basi mwaka huu binti yangu, yule wa pili, anayesoma shahada ya juu ya kemia Dar es Salaam, akaja likizo amebeba kiboksi cha barafu. Mama yake alidhani kaleta samaki, akauliza tangu lini watu wanaleta samaki Tanga kutoka Dar. Binti akafungua. Ndani mlikuwa na vichupa vidogo kuliko vya dawa ya macho. Akaomba nafasi kwenye friza langu, maana maabara yao ilikuwa imefungwa na hakuwa na imani na umeme wa kule. Hapo nilijisikia vizuri. Chuo kizima na majengo yake yote, na mtoto anakimbilia jenereta la baba yake.

Tulipomaliza kula nikamuuliza ndani ya vichupa mna nini. Akasema waya.

Nikatazama. Nikaona maji.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayejua mzee wake ana kiburi. Akasema mle mna peptidi, nazo ni vipande vifupi sana vya protini, jamii ya kile kilichomo kwenye nyama na maharage, ila hivi vimetengenezwa kiwandani kwa kuagizwa, kila kipande kwa mpangilio aliouchagua yeye na mwalimu wake. Ukivitia kwenye maji yenye chumvi kidogo vinatafutana, kimoja kinaegemea kingine, vinapanga mstari mpaka vinakuwa nyuzi, nyembamba mno hata ukichukua unywele wako mmoja na kuupasua maelfu hujazifikia. Na nyuzi hizo zinapitisha umeme.

Nikamuuliza, "Na nani anayezisuka?"

"Hasuki mtu, baba. Zinajisuka."

Nitasema ukweli, neno hilo lilinikera. Miaka yote hii mgongo wangu umepinda juu ya koili, vidole vimeota sugu, halafu mwanangu niliyemsomesha kwa sugu hizo ananiletea waya usiohitaji mkono wa mtu. Nikamwambia umeme unakaa kwenye shaba. Ukikosa shaba, kwenye alumini, hiyo ya maskini. Umeme wa maharage sijauona, na mimi ndiye ambaye hakuna ambacho sijakiona. Nikamwambia pia mambo mengine ambayo sina haja ya kuyarudia.

Mke wangu alikuwa anatoa vyombo. Akasema, "Mbona huyo ni wewe mtupu? Si wewe unayejisifu kila siku kwamba ulijisuka mwenyewe?"

"Lakini bila maji hazijisuki, mama," binti akasema. "Zikiwa kavu ni unga tu."

"Umesikia?" mke wangu akaniambia. "Hata zenyewe zina maji yake."

Nilijua anakokwenda. Ni kweli yeye ndiye aliyechoma mikate ya vibibi akauza barazani tukapata pesa ya roli ya kwanza ya waya. Sijakataa. Lakini waya niliusuka mimi.

Siku zilizofuata binti akawa na shughuli zake kwenye chumba cha uani. Alikuwa na vipande vitatu vya kioo, kila kimoja sawa na ukucha wa dole gumba, vimechorwa mistari ya dhahabu miwili miwili iliyokaribiana bila kugusana. Akadondoshea maji yake juu ya mistari, akaacha yakauke polepole, ukabaki utando kama alama ya kikombe mezani. Akanieleza kwamba hivyo vitatu ndivyo roho yake. Likizo ikiisha atakaa mbele ya walimu wake, avipime wakiona, na wakiridhika atapewa nafasi ya kuendelea pale maabara. Nafasi yenyewe ilikuwa moja, na kulikuwa na kijana mwingine anaitaka. Ule unga wa peptidi ulikuwa umekwisha wote kwenye vioo hivyo.

Nilimsikia vizuri. Mtu asije akasema sikuambiwa.

Sasa kuna mtu mmoja Usagara, mwenye duka la waya na spea, ambaye nimenunua kwake shaba tangu ndevu zangu nyeusi. Babu zake walitoka Omani, mimi namwita ami ingawa tumelingana umri, na yeye ananiita Mpemba kana kwamba hilo ndilo jina nililopewa. Nje ya duka lake pana benchi, na mwuza kahawa hukaa pale kila alasiri, kwa hiyo pamekuwa baraza. Ami mwenyewe haondoki kitini. Mteja akitaka waya, anaonyeshwa kwa kidole, anaufuata mwenyewe, anaupima mwenyewe, analeta pesa mpaka mkononi kwa ami. Watu husema siku ya kiyama atafufuliwa na kiti chake.

Nilikwenda pale kuchukua roli mbili. Sijui nani alimpelekea habari. Sijafika kwenye benchi akaanza.

"Yakhe Mpemba, nasikia bintiyo kaiacha shaba, anasuka waya wa mtindi."

Benchi lote likacheka. Nikasema hajui anachosema.

"Nisijue vipi? Mimi nataka kuagiza. Niambie tu, unauzwa kwa mita au kwa kikombe? Na umeme ukikatika mtu anaunga waya au anakoroga?"

Mambo aliyoyasema pale hayakuzidi niliyoyasema mimi nyumbani. Pengine ya kwangu yalikuwa makali zaidi. Lakini kumcheka mwanangu ni haki yangu mimi niliyemlipia ada, wengine wajitafutie wa kwao. Damu ikanipanda. Nikajikuta nawaeleza watu wa kahawa habari za peptidi kama niliyezizaa: zinavyotafutana majini, zinavyopanga mstari, wembamba wake, unywele uliopasuliwa maelfu, kila kitu. Nikasema umeme unapita humo nimeuona kwa macho, na sikuwa nimeuona. Nikasema Ijumaa baada ya sala nitauleta hapa hapa, na kila mtu atauona.

Ami akauliza usipopita je?

Kuwekeana pesa ni kamari, na kamari ni haramu, kwa hiyo tukawekeana maneno. Umeme usipopita, mimi nitachukua rangi na kufuta neno BINGWA kwenye bango langu, mchana, watu wakitazama. Ukipita, ami atainuka kwenye kiti, ashike dele la kahawa kwa mkono wake, na kumhudumia kila aliyeko barazani, mmoja mmoja. Watu walilishangilia hilo la pili kuliko la kwanza. Wengine hawajapata kumwona ami miguu yake.

Nilipomwambia binti, aliweka chini mita aliyokuwa akipimia umeme wa vioo vyake. Halafu akasema ile ni kazi ya miaka, si mazingaombwe ya barazani. Nikamwambia jina la baba yake pia ni kazi ya miaka. Mwishowe akakubali kunipa kioo kimoja, na kukileta mwenyewe. Ila kwanza ilibidi aende Kigombe kumtazama bibi yake, mguu ulikuwa unamsumbua, angelala huko na kurudi Alhamisi. Akaviacha vioo vyote vitatu ndani ya kibakuli chenye kifuniko, chini kaweka kitambaa. Akasema, "Baba, nakuomba, usiviguse."

Sikuvigusa Jumatano.

Alhamisi asubuhi nikasema nivitazame tu, maana kutazama si kugusa. Nikafunua kibakuli. Kitambaa kilikuwa kibichi. Nakwambia kibichi, kimelowa maji, na vioo vimelazwa juu yake kama samaki wa kuuzwa. Nikachukua ile mita yake ndogo, nikagusisha ncha zake kwenye mistari ya dhahabu kama nilivyomwona akifanya. Namba zikatokea. Nikainama nizisome vizuri, zikaruka juu. Nikajiinua, zikashuka. Nikainama tena, zikapanda. Ilikuwa pumzi yangu. Kitu kilikuwa kinasikia pumzi ya mtu.

Sasa wewe unayesoma, niambie kwa haki. Umekuta kitu cha umeme kimelazwa juu ya kitambaa kibichi, na kipimo chake kinayumba mtu akikipumulia. Katika kazi yangu hilo lina jina moja: kinavuja. Unyevu umeingia. Mota ya namna hiyo ukiiwasha inaungua, na pengine na mtu anakwenda nayo. Nikaona mtoto kasoma sana lakini hakuna aliyemfundisha jambo la kwanza la kazi. Nikaona kesho yake namba zitayumba mbele ya ami, na baadaye zitayumba mbele ya walimu wake, na nafasi atapewa yule kijana mwingine. Na mimi, bingwa, nipo hapa hapa, na kabati la taa lina moto.

Sifanyi kazi nusu. Nilivitia vyote vitatu kabatini vikapikika vizuri. Kisha nikavivisha vanishi, si ile ya kawaida, ile nyepesi ya mota za hospitali, na nikavitundika kwa uzi vichuruzike. Vilikauka vikang'aa rangi ya asali. Sijawahi kupaka vanishi safi namna ile, na nitalisema hilo mbele ya yeyote.

Binti alirudi baada ya adhuhuri na mkungu wa ndizi alizopewa na bibi yake. Nikamwita karakana. Nilikuwa nimevipanga juu ya kitambaa cheupe, kikavu. Aliweka ndizi chini. Akachukua kimoja, akakielekeza kwenye mwanga, akakirudisha.

"Baba, umevikausha."

"Nimevikinga. Vilikuwa vinavuja. Hata pumzi ilikuwa inavisumbua."

"Ile pumzi ndiyo kazi yake," akasema. "Umeme wake unapita kwa msaada wa unyevu. Mtu akipumua, unapita zaidi. Ndicho nilichotaka kuwaonyesha."

Nikamwambia avipime basi. Akavipima. Sifuri. Nikavipumulia mimi mwenyewe mpaka kichwa kikaniuma. Sifuri, sifuri, sifuri. Unyevu haukuwa na pa kupita. Vanishi yangu ilikuwa imefanya kazi yake, kama siku zote.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikaa juu ya mota kuukuu, mikono mapajani, akanieleza mambo ambayo sikuyauliza: kwamba vanishi imeingia katikati ya nyuzi, haitoki, kwamba unga ule unaagizwa nje na kutengenezwa upya, kwamba walimu wake wanataka kuona kitu, si kusikia hadithi ya kitu. Nikasema nitalipa. Akasema shida si pesa pekee, shida ni likizo kwisha. Nikasema nitalipa wauharakishe. Sikuomba radhi. Mtu anayemkinga mwanawe na unyevu aombe radhi kwa lipi?

Mama yake alikuja na sahani mbili za wali, akatutazama sote wawili, akavitazama vioo. Akaniuliza mimi, "Alikwambia usiguse, hakukwambia?" Halafu akaondoka na sahani zote mbili, yangu na ya binti.

Baadaye binti akainuka, akaenda kwenye friza, akarudi na vichupa vitupu. Akavishika kimoja kimoja akiviinamisha. Akasema kwenye kuta za vichupa mna mabaki, akivisuuza na maji kidogo huenda akapata tone moja, mawili. Halimtoshi kwa walimu, wao wanataka vipimo vingi. Ila lingetosha kwa Ijumaa. Tatizo ni kwamba hana pa kulidondoshea, mistari ile ya dhahabu haipatikani Tanga.

Hapo ndipo waliosoma wanapokwama na sisi tunapoanza. Nina pipa la chakavu. Nikachimba humo nikatoa kadi ya kompyuta iliyokufa, ile yenye meno ya dhahabu ukingoni, jino na jino, katikati uwazi mwembamba kama ukucha wa mtoto mchanga. Nikaisafisha kwa spiriti, nikamkabidhi. Aliigeuzageuza.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwangu hakikosekani kitu."

Akacheka kidogo, kwa pua, kama mama yake. Akadondoshea tone kwenye meno mawili ya upande mmoja. Upande wa pili akadondoshea maji yale yale, yenye chumvi ile ile, lakini yasiyo na peptidi. Akafunika kwa bakuli, na chini yake, mbele ya macho yangu, akaweka kitambaa kibichi. Nikatazama ukutani. Nikamwambia nitaipeleka mimi kesho, yeye asihangaike. Akasema, "Nakwenda mwenyewe. Nimechoka kuitwa mtindi. Na wewe hutabeba kitu."

Ijumaa benchi halikutosha. Waliotoka msikitini walisimama mpaka barabarani, na mwenye bajaji aliyepita akazima injini asikilize. Binti akampa ami shikamoo, ami akaitikia marahaba kwa adabu zote, maana mwenyewe ana mabinti. Kisha akarudi kwenye ubaya wake. Alipoona kijikadi na alama ya tone akasema, "Hii tu? Binti yangu, hata mate yanapitisha umeme. Mimi nikitema hapo mtanitangaza profesa?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeliwaza hilo hilo.

"Ami kasema kweli," binti akasema. "Maji ya chumvi yanapitisha. Ndiyo maana nimeweka upande wa pili maji matupu yenye chumvi ile ile, yakakauka vile vile. Pumulia huku kwanza."

Akamgusishia mita upande wa maji matupu. Ami akajivuta mbele na kiti chake, akapuliza kama anayepoza uji. Namba zikatikisika kidogo, zikatulia karibu na sifuri. Watu wakasogea. Binti akahamisha ncha kwenye upande wa tone lake.

"Sasa huku. Pole pole, kama unasema naye."

Ami akapumua. Namba zikapanda. Akajirudisha nyuma, zikashuka. Akapumua tena, zikapanda tena, na safari hii mwuza kahawa alikuwa ameinama juu ya bega la ami, anasoma kwa sauti. Ami akajaribu kupumua kwa hila, kidogo kidogo, kama mtu anayemvizia kuku. Zikamfuata vile vile, kidogo kidogo. Nikaona uso wake. Uso ule nimeungoja tangu siku aliponiuzia waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba.

Akasema haitoshi, anataka iwashe balbu. Binti akamjibu kwamba haiwezi kuwasha balbu, na haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Umeme wake ni kidogo mno. Kazi yake ni kusikia: ibandikwe kwenye ngozi ya mtoto mchanga isikie anavyopumua, na ikimaliza kazi ioze kama jani, isiache chuma wala sumu. Sikuwa nimelisikia hilo kabla. Nilikuwa nimemcheka sana nyumbani kiasi kwamba hatukuwahi kufika huko.

"Ahadi ilikuwa umeme upite," nikasema. "Balbu ameitaja nani? Inuka, ami."

Akainuka. Wallahi aliinuka. Kiti kikalia kana kwamba kimeachwa na roho. Akashika dele kwa mkono mmoja na fenjani kwa mkono mwingine, akaanza upande wa msikitini, mmoja mmoja, na kila aliyepewa akamwambia aongeze. Alipomfikia binti yangu akamimina kwa heshima, akasema anaomba basi aonyeshwe na vile vya vioo, ambavyo mimi nilivisifia sana wiki nzima kwamba vina dhahabu.

Binti akanitazama. Kisha akafungua pochi, akavitoa, akaviweka kwenye kiganja cha ami.

"Hivi ndivyo vilivyokuwa vya chuo. Baba kavipika, kavivisha vanishi."

Kwanza alivigeuzageuza kwenye mwanga. Halafu ami akaelewa, maana vanishi yenyewe nainunua kwake. Alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu yake ya Ijumaa. Benchi zima likaangua kicheko. Mtu mmoja nyuma akauliza kama nyumbani kwangu hata watoto wanazaliwa wanapikwa na kupakwa vanishi. Ami akafuta machozi kwa mkono wa dele.

"Mpemba, katika nyinyi wawili fundi ni yupi?"

"Mmoja amesuka waya unaojisuka," nikasema, "na mwingine amehakikisha hauingii maji mpaka siku ya kiyama. Tafuta nyumba nyingine Tanga yenye watu wawili kama hao, halafu uje unicheke. Mimina kahawa."

Naye akamimina. Bango langu liko pale pale, na neno BINGWA nimelipaka rangi upya, nyekundu. Kioo kimoja nimekitundika juu ya meza yangu ya kazi. Wateja wakiuliza ni nini, nawaambia watazame vanishi ilivyokaa, haina hata povu moja.

Unga mwingine uliagizwa wiki ile ile. Nililipa benki kwa jina langu, nikalipa wauharakishe kiwandani, nikalipa ndege, na ulipofika forodhani nikalipa na huko, kwa sababu hakuna aliyejua peptidi iandikwe dawa au chakula. Nilimwambia ofisa aandike waya. Alikataa. Kichupa kilimfikia binti Dar likizo ikiwa imekwisha na walimu wakiwa wameshampangia zamu. Akatengeneza vioo vipya, akavilaza juu ya kitambaa kibichi, akakaa mbele yao, akawaambia wapumue. Nafasi akapewa yeye. Alinipigia simu akiwa bado mlangoni, na mimi nikamuuliza kama walimu wale wanajua kwamba umeme wa kwanza wa kazi yake mbele ya watu ulipita kwenye chakavu cha Nguvumali. Akasema amewaambia, na ameandika.

Watu wa Usagara mpaka leo husema siku ile walikunywa kahawa ya bure, na ami husema aliilipa yeye. Wanajidanganya wote. Kahawa ile niliilipa mimi, na bei yake, pamoja na ndege na forodha, ilikuwa shilingi milioni mbili, laki tatu, kumi na saba elfu na mia nne.